KITABU KISICHOAZIMIKA

Hotuba iliyotolewa katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Kamati ya Maandalizi iliponiandikia, haikuniachia hiari ya kuchagua la kusema. Mada ilikuwa imekwisha andikwa: vitabu vya elektroniki, na jinsi watu wanavyovisoma. Nadhani sababu tunaijua sote. Mchana huu, baada ya chakula, tutaamua juu ya fedha za mfuko wa maktaba tulizozichanga kwa miaka mitatu. Pendekezo lililo mezani ni kwamba fedha zote zinunue vishikwambi, na chumba cha maktaba kiondolewe rafu zake na kuwa chumba cha kompyuta, kwa kuwa, kama linavyosema pendekezo lenyewe, zama za karatasi zimekwisha.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Kazi yangu ya kila siku ni kusoma mapendekezo ya namna hiyo na kuuliza: zimekwisha kwa nani, na nani amehesabu? Naomba ruhusa niliulize swali hilo hapa nyumbani, mbele ya watu ambao hawataniogopa kunijibu.

Safari ya miaka hamsini

Wengi wetu hudhani kitabu cha elektroniki ni jambo la juzi. Sivyo. Mwaka 1971, kabla wengi wetu humu hatujazaliwa, kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, Michael Hart, alichapa Azimio la Uhuru la nchi yake ndani ya kompyuta ya chuo, ili kila mwenye kuifikia kompyuta ile aweze kulisoma bure. Maktaba aliyoianzisha siku ile, iitwayo Project Gutenberg, leo ina vitabu zaidi ya 70,000, na havitozwi hata senti.

Kwa hiyo maneno yalikuwapo. Kilichokosekana ni mahali pazuri pa kuyasomea, maana kompyuta ya wakati ule haikubebeka kitandani wala chini ya mwembe. Mwaka 1998 vilitoka huko Marekani vifaa vya mkononi vya kusomea vitabu. Wanunuzi wakawa wachache, vikafifia. Mwaka 2000 mwandishi Stephen King alitoa hadithi kwa njia ya elektroniki peke yake, na kwa muda wa saa 24 ikachukuliwa mara 400,000 hivi. Wakatokea watu wa kutangaza msiba wa karatasi. Karatasi haikufa. Mwaka 2007 kampuni ya Amazon ikaleta kifaa chake kiitwacho Kindle, kwa dola 399, na shehena ya kwanza ikaisha kwa saa tano na nusu. Mwaka 2011 kampuni hiyo ikatangaza kwamba kwa kila vitabu 100 vya karatasi inavyouza huko Marekani, inauza vya elektroniki 105. Msiba ukatangazwa tena.

Sasa tazameni hesabu iliyofuata. Mwaka 2021 taasisi ya utafiti ya Pew iliwauliza Wamarekani watu wazima wamesoma nini katika miezi 12 iliyopita. Asilimia 65 walisema wamesoma kitabu cha karatasi. Asilimia 30 walisema wamesoma cha elektroniki. Walioachana na karatasi kabisa, wakawa wanasoma au kusikiliza vitabu kwa vifaa tu, walikuwa asilimia 9. Hiyo ni miaka 50 tangu Hart achape lile azimio lake, na miaka 14 tangu Kindle itoke, katika nchi isiyojua mgao wa umeme kama sisi tunavyoujua. Nawaomba mkumbuke asilimia hiyo 9 mtakaposikia kwamba zama zimekwisha.

Wala polepole hii si ajabu. Kitabu chenye kurasa za kufunua, kilipotokea enzi za Warumi kushindana na gombo la kukunjwa mviringo, kilichukua karne tatu hivi kushinda. Watu hawaachi namna yao ya kusoma kama mtu anavyovua shati. Na sisi tuna historia yetu. Katika Kiswahili cha zamani neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu. Ndiyo maana Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, huitwa pia Chuo cha Herekali. Nakala ziliandikwa kwa mkono na zilikuwa haba. Basi mmoja alighani na wengine wakasikiliza, na kitabu kimoja kikatosha mtaa mzima. Jambo hilo, la kitabu kimoja na watu wengi, nitalirudia.

Sababu tatu

Nimejaribu kujiuliza kwa nini mwendo umekuwa wa kinyonga, na naona sababu tatu.

Ya kwanza ni kifaa. Hii ndiyo inayotajwa sana, nami naiona ndiyo ndogo. Mafundi wamekwisha buni kioo kinachotumia wino wa elektroniki: ndani yake mna vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe, ambazo umeme huzipandisha na kuzishusha ili kuunda herufi. Umeme hutumika ukurasa unapobadilika tu, kwa hiyo chaji hukaa wiki kadhaa, na herufi husomeka hata jua la saa saba. Kifaa cha namna hiyo kinafaa kabisa kwa nchi yetu. Lakini si hicho walichonacho watu wetu, wala si hicho kilichomo katika pendekezo. Watu wetu wana simu, na pendekezo linasema kishikwambi, ambacho kina kioo cha kung'aa, betri ya siku moja, na michezo na picha zinazomwita msomaji kila dakika.

Sababu ya pili ni umiliki, na hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa kuwa ndipo lilipo shina la maneno yangu. Ukinunua kitabu cha karatasi ni mali yako. Unaweza kumwazima jirani, kumpa mwanao, kukiuza, kukileta hapa shuleni kama zawadi. Ukinunua kitabu cha elektroniki kwa kampuni nyingi kubwa, hukununua kitabu. Umenunua ruhusa ya kukisoma kwa masharti. Mwezi Julai 2009 baadhi ya wateja wa Amazon walifungua vifaa vyao wakakuta vitabu viwili vya George Orwell, walivyovilipia, vimetoweka. Aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo, na kampuni ikavifuta kutoka mbali, ikarudisha fedha. Baadaye iliomba radhi. Kimoja cha vitabu hivyo kilikuwa kile kiitwacho 1984, kinachosimulia serikali inayofuta maandishi isiyoyapenda. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vya wateja vikafungwa pamoja na duka. Nao walirudishiwa fedha zao, lakini hakuna fundi wa kurudisha rafu.

Kwa maktaba hali ni ngumu zaidi. Mwaka 2011 mchapishaji HarperCollins alitoa sharti kwa maktaba za Marekani: kila nakala ya elektroniki iazimwe mara 26, kisha ife, na maktaba inunue upya. Pigeni hesabu. Kitabu kinachotoka maktabani kila wiki kingekufa kwa nusu mwaka. Maktaba yetu hii ina vitabu ambavyo vina mihuri ya kuazimwa tangu kabla sijafika Kidato cha Kwanza, na bado vinatoka. Vimeshonwa, vimegundishwa, vimefunikwa kwa magazeti, lakini vinatoka. Kitabu kisichoazimika huyo msomaji wa pili atakipataje? Na nchi kama yetu imejengwa na wasomaji wa pili, wa tatu na wa kumi.

Sababu ya tatu ni akili ya msomaji mwenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa Hispania na Israel walikusanya uchunguzi 54 uliofanywa kati ya mwaka 2000 na 2017, wenye wasomaji zaidi ya 170,000. Waliona kwamba anayesoma karatasini huelewa zaidi kidogo kuliko anayesoma maneno yale yale kwenye kioo. Tofauti hiyo ilionekana katika maandishi ya maarifa, na hasa msomaji anapokuwa na muda mfupi. Katika hadithi haikuonekana. Tena, kinyume cha matarajio ya wengi, tofauti haikupungua vijana walipozoea vioo, iliongezeka. Nchi ya Sweden, iliyokuwa mbele katika kuingiza vioo madarasani, mwaka 2023 ilitenga kronor milioni 685 kuwarudishia wanafunzi wake vitabu vya karatasi. Sitaki mtu atoke hapa akisema nimekataza kompyuta. Nasema tu kwamba mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa fizikia anasoma maandishi ya maarifa, tena kwa muda mfupi, na huyo ndiye hasa karatasi inayemsaidia.

Watu wetu wanasomaje?

Baada ya kusema hayo, itakuwa si haki nikiwaacha mkidhani kwamba Mtanzania hasomi vitabu vya elektroniki. Anasoma sana, ila hasomi kwa namna walivyotarajia wauzaji.

Pandeni basi la asubuhi kutoka Mbagala au Kimara. Kijana aliyeinamia simu si lazima awe anatazama picha. Wengi wanasoma hadithi zinazotumwa sehemu kwa sehemu katika WhatsApp na Facebook. Sehemu za kwanza ni bure, na anayetaka kujua mwisho humtumia mtunzi fedha kidogo kwa simu. Watunzi kadhaa wanajipatia riziki kwa njia hiyo bila kupita kwa mchapishaji yeyote. Wengine wanasoma vitabu vya PDF vinavyorushwa kutoka kundi moja hadi jingine, vingi vikiwa vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na kidole cha mpiga picha kikionekana pembeni.

Nikiviona vile vidole huwa nacheka, kwa sababu nakumbuka mabweni yetu. Katika miaka ya tisini riwaya za Elvis Musiba na Ben Mtobwa zilifika hapa zikiwa zimechakaa hata uzi umekatika. Wa kitanda cha juu alikuwa na sura tatu za mwanzo, wa kitanda cha chini sura zinazofuata, na mwisho wa kisa ulikuwa bweni jingine, ukasubiri zamu yako. Kijana wa leo anayerusha faili katika kundi anafanya lile lile. Amekikuta kitabu kisichoazimika akakiazimisha kwa nguvu.

Uchunguzi wa UNESCO wa mwaka 2014, uliowahoji watu 4,000 hivi wanaosoma kwa simu katika nchi saba, zikiwamo Uganda, Ethiopia, Ghana na Nigeria, ulionyesha kitu kinachofanana na hicho. Asilimia 62 walisema wanasoma zaidi tangu waanze kusoma kwa simu. Wanawake waliokuwa wakisoma kwa simu walikuwa wachache kuliko wanaume, lakini walitumia muda karibu mara sita zaidi ya wanaume katika kusoma huko. Na msomaji mmoja katika kila watatu alisema huwasomea watoto hadithi kutoka simuni. Naona huko kwetu hakuna uhaba wa hamu. Palipo na uhaba wa vitabu, hata kioo cha vidole vitatu kinageuzwa maktaba.

Lakini upande wa pili wa shilingi upo. Kitabu kinaporushwa bila idhini, mtunzi hapati kitu, na mchapishaji wa Kiswahili, ambaye soko lake ni dogo, hathubutu kutoa kingine. Sisi kama shule hatuwezi kujenga maktaba juu ya vitabu vya kunyakua. Tukiwafundisha vijana hawa kwamba jasho la mtunzi halina bei, tusije kushangaa wakikosa watunzi.

Tufanye nini?

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, siku ya uhuru. Siku yenyewe inasema kitu: mtu asiyeweza kufikia kitabu uhuru wake una upungufu. Kwa roho hiyo hiyo naomba tuitazame maktaba yetu ndogo, na mimi naleta mapendekezo manne.

La kwanza. Rafu zibaki, na sehemu kubwa ya fedha inunue karatasi: vitabu vya kiada vya kutosha ili wanafunzi wawili wasome kimoja badala ya saba, na riwaya, tamthilia na mashairi ya Kiswahili kwa nakala nyingi. Kumbukeni pia kwamba vijana hawa wa bweni hawaruhusiwi kuwa na simu. Kitabu kilichomo katika kifaa kinachofungiwa kabatini saa tatu usiku hakiwasaidii katika masomo ya usiku. Cha karatasi kinakwenda nao hadi kitandani.

La pili. Sehemu ndogo ya fedha inunue kisanduku kimoja, kompyuta ndogo isiyozidi ukubwa wa kiganja, inayohifadhi maelfu ya vitabu na kuvirusha kwa vifaa vilivyo karibu bila intaneti wala bando. Programu ya bure iitwayo Kiwix hufanya kazi hiyo, na kwa njia yake Wikipedia na vitabu vya Project Gutenberg hupatikana ndani ya kisanduku. Kompyuta chache zilizopo, pamoja na vifaa vichache vya wino wa elektroniki, zitatosha kwa kuanzia. Hapo mwanafunzi atakayetaka kazi zote za Shakespeare, ambazo hatuna haja wala uwezo wa kuzinunua zote, atazikuta. Hapo ndipo elektroniki inapoishinda karatasi, kwa wingi na kwa upana. Inaishinda pia kwa mwanafunzi mwenye macho dhaifu, anayeweza kuzikuza herufi apendavyo. Tuna wanafunzi wa namna hiyo humu, na vitabu vya karatasi havijawatendea haki.

La tatu. Tujiwekee kanuni, iandikwe katika kumbukumbu za mkutano huu: mfuko wa maktaba usinunue kitabu chochote, cha karatasi wala cha elektroniki, ambacho shule haitakuwa na haki ya kukiazimisha bila kikomo. Muuzaji akija na kitabu chenye masharti ya kufa, tumshukuru kwa kuja na tumsindikize hadi lango kuu.

La nne ndilo ambalo halina kifaa. Tutafute fedha za kumlipa posho mtu wa kukaa maktabani kila jioni. Ninyi vijana mnajua kwamba mlango wa maktaba hufungwa saa tisa na nusu, darasa linapokwisha, kwa sababu mwalimu mwenye ufunguo ana vipindi 28 kwa wiki. Tukinunua vishikwambi mia vikakaa nyuma ya mlango uliofungwa, tutakuwa tumebadili kilichofungiwa tu.

Najua baadhi ya wenzangu wataniambia kwamba wafadhili wanapenda kuona mashine, na kwamba picha ya kijana ameshika kishikwambi inapendeza katika taarifa kuliko picha ya rafu. Ni kweli. Nimekaa serikalini miaka ya kutosha kujua nguvu ya picha. Lakini betri ya kishikwambi huchoka baada ya miaka michache, na mfadhili hatakuwapo siku ya kununua nyingine. Wengine watasema tutawaacha vijana wetu nyuma ya dunia. Nawajibu kwa ile asilimia 9. Dunia yenyewe, baada ya miaka 50, haijaiacha karatasi. Imeiongezea kioo pembeni. Nasi tuongeze, tusiondoe.

Vijana, ninyi ndio mtakaokaa na uamuzi huu, kwa hiyo nitawaomba jambo moja. Mchana huu Mwenyekiti akiwaruhusu kusema, simameni mseme mnasoma nini, mnasomea wapi, na kitabu gani mlikitafuta mwaka huu mkakikosa. Kila mmoja wetu hapa mbele ana maoni juu ya kusoma kwenu, nami nimeyatoa yangu, lakini ninyi peke yenu ndio mnaojua.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.